Mwongozo kamili: Kupima kama programu ya afya ya akili shuleni inastahili fedha yake

Ripoti za miradi ya afya ya akili shuleni hupenda kuandika hivi: tumewafikia wanafunzi 720, kila mmoja kwa shilingi 19,000. Mkurugenzi wa halmashauri akiisoma hajui aifanyie nini. Kufikiwa si kupata nafuu. Mtoto anaweza kuhudhuria vikao vyote vinane, jina lake likawekewa alama ya vema kila wiki, akarudi nyumbani na mzigo uleule aliokuja nao. Takwimu inayotakiwa ni gharama ya kila mtoto aliyepata nafuu kwa sababu ya programu, mbali na wale ambao wangepata nafuu hata kama programu isingekuwepo.

Mwongozo huu ni kwa watu wa mashirika, halmashauri na vyuo vya Arusha na Moshi walio na programu tayari au wanaoipanga. Mifano ni ya shule za sekondari za kata, ila hesabu ni zilezile kwa shule za msingi. Bei na matokeo ya shule vilivyotumika katika hesabu ni vya mfano tu. Weka vya kwako.

Hatua ya 1: Andika swali lenye mwisho

Swali likiwa legelege, kila kitu kinachofuata kitalegea. Swali zuri linafanana na hili: je, vikao nane vya vikundi kwa kidato cha pili, vikiendeshwa na vijana waliomaliza kidato cha sita chini ya usimamizi wa mnasihi mwenye taaluma, vikilinganishwa na huduma ya kawaida ya mwalimu wa malezi na unasihi, vinapunguza idadi ya wanafunzi wenye dalili za sonona baada ya miezi sita, na kwa gharama gani kwa halmashauri?

Angalia maneno "vikilinganishwa na huduma ya kawaida". Hapa ndipo wengi wanapokosea. Shule isiyo na programu yako haiko tupu. Ina mwalimu wa malezi anayeita watoto ofisini, ina viongozi wa dini wanaokuja siku ya vipindi vya dini, ina wazazi wanaompeleka mtoto hospitali hali ikizidi. Hayo yote yana gharama na yana matokeo, na yote yanaingia upande wa kulinganisha.

Amua pia ni mfuko wa nani unaohesabiwa. Kwa mtazamo wa mlipaji unahesabu kile ambacho shirika, shule na halmashauri vinatoa. Kwa mtazamo wa jamii unaongeza kile ambacho familia inabeba. Mama anayeuza ndizi Kiboriloni akifunga biashara nusu siku ampeleke mwanawe hospitali ya Mawenzi, hasara yake haionekani kwenye vitabu vya mradi, lakini ni gharama halisi ya rufaa mliyoianzisha ninyi. Fanya hesabu zote mbili, na ziandike mbalimbali.

Jambo la mwisho hapa ni nani anaendesha. Katika jimbo la Bihar, India, programu ya SEHER ilijaribiwa kwenye shule za sekondari kwa njia mbili: moja ikiendeshwa na mshauri asiye mtaalamu wa afya ya akili, aliyefunzwa na kuwekwa shuleni, nyingine ikiendeshwa na mwalimu wa shule. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha mabadiliko makubwa kwa mshauri, na kwa mwalimu hakuna. Maudhui yalikuwa yaleyale. Kwa hiyo anayependekeza kubana matumizi kwa kumbebesha mwalimu kazi hiyo anapendekeza programu nyingine kabisa, na inabidi ipimwe upya.

Hatua ya 2: Tafuta shule za kulinganisha, na ziwe nyingi

Kupima kabla na baada kwenye shule zako peke yake hakutoshi. Watoto wanaochaguliwa wakiwa katika hali mbaya kwa wastani hupata nafuu wenyewe kadiri miezi inavyopita, na mradi hujichukulia sifa hiyo. Kama uwezekano upo, orodhesha shule zote zilizokubali kisha piga kura mbele ya wakuu wa shule: nusu zinaanza mwaka huu, nusu mwakani. Zile za mwakani ndizo za kulinganisha. Utaratibu huu wakuu wa shule huupokea vizuri kwa sababu hakuna anayenyimwa.

Usilinganishe shule ya kata ya Unga Limited na seminari ya Kibosho. Panga shule kwa jozi kabla ya kura: mjini na mjini, mlimani na mlimani, ya kutwa na ya kutwa.

Idadi ya shule ina uzito kuliko idadi ya wanafunzi. Watoto wa shule moja wanafanana: mwalimu wa nidhamu ni mmoja, fimbo ni ileile, njaa ya mchana ni ileile. Kufanana huko kunapunguza taarifa unazopata kutoka kwa kila mtoto wa ziada. Kanuni ni hii: chukua idadi ya wanafunzi kwa shule, toa 1, zidisha kwa kiwango cha kufanana, jumlisha 1. Ukiwa na shule 12 zenye wanafunzi 120 kila moja, na kiwango cha kufanana 0.03, unapata 1 + (119 × 0.03) = 4.57. Gawa idadi ya wanafunzi kwa jibu hilo: wanafunzi wako 1,440 wana nguvu ya wanafunzi 315 tu. Wanafunzi haohao 1,440 wakitoka shule 24, 60 kila moja, nguvu inapanda hadi 520. Kama fedha ya tathmini ni kidogo, punguza watoto kwa shule, usipunguze shule.

Hatua ya 3: Chagua kipimo na ukijaribu kwa Kiswahili cha watoto wenyewe

Kwa hali ya jumla, dodoso la SDQ, linalopima uwezo na matatizo ya mtoto, linatumika sana. Lina maswali 25 katika mafungu matano ya maswali matano, kila jibu likipewa 0, 1 au 2. Mafungu manne ya matatizo yanajumlishwa kupata alama kati ya 0 na 40. Fungu la tano, la kujali wenzake, haliingii kwenye jumla hiyo. Toleo la kujijaza mwenyewe ni la watoto wa miaka 11 na kuendelea. Chini ya hapo tumia la mzazi au mwalimu.

Kosa linaloharibu data nyingi za SDQ ni maswali matano yaliyogeuzwa: la 7, 11, 14, 21 na 25. Haya yanasema jambo jema, mfano kuwa na rafiki mmoja wa kweli, hivyo "kweli kabisa" ni alama 0 na si 2. Anayeingiza data asipogeuza, mtoto mwenye marafiki anaonekana mgonjwa, na tofauti kati ya shule inafifia. Ingiza madodoso kumi kwa mkono, jumlisha kwa kalamu, linganisha na jibu la kompyuta kabla hujaendelea na mengine.

Kwa sonona, dodoso la PHQ-9 lina maswali tisa na alama 0 hadi 27. Alama 10 hutumika kama mpaka, lakini mpaka huo ulitokana na watu wazima wa Marekani, kwa hiyo toa matokeo kwa wastani wa alama pia, usitegemee mpaka pekee. Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Madodoso lazima yapitiwe siku hiyohiyo kabla timu haijaondoka shuleni, na kila mtoto aliyejibu zaidi ya sifuri aonwe faragha na mtu aliyefunzwa siku hiyo. Weka majina ya watu wa kupokea rufaa katika hospitali za Mount Meru, Mawenzi au KCMC kabla ya dodoso la kwanza kugawiwa, na bandika namba 116 ya msaada kwa watoto darasani. Asiye na utaratibu huu asigawe dodoso hilo.

Lugha inahitaji siku nzima ya kazi. Neno "sonona" watoto wengi hawalitumii. Watasema "nina mawazo", "nina stresi", "roho inaniuma", "sijisikii". Ukiuliza "je, una mawazo?" kwa maana ya fikra, mtoto anasikia anaulizwa kama anasononeka. Kaa na wanafunzi wanane au kumi wa shule isiyo kwenye tathmini, soma swali moja, muulize kila mmoja alielewa nini kwa maneno yake. Usibadili maneno ya toleo lililokwisha kuthibitishwa. Andaa maelezo mafupi ya kusomwa na msimamizi, yaleyale kila shule.

Panga tarehe vizuri. Kidato cha pili wana upimaji wa taifa mwezi Novemba, na wiki za karibu na hapo hofu hupanda kwa kila mtu. Shule za programu zikipimwa Septemba na za kulinganisha Novemba, programu itaonekana nzuri bure. Zipime zote ndani ya wiki mbili zilezile. Kama unatumia dodoso la mzazi, kumbuka pia kwamba wazazi wengi wa Moshi na Arusha wako mlimani au mbugani msimu wa watalii, na anayejaza Julai anaweza kuwa bibi, wakati Machi alijaza baba. Andika kila mara nani amejaza.

Vibali: kamati ya maadili ya utafiti, barua ya mkoa na ya mkurugenzi, ridhaa ya mzazi kwa maandishi, na kukubali kwa mtoto mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusu madodoso haya. Majina yakae mbali na majibu, kila mtoto awe na namba.

Hatua ya 4: Hesabu kila kilichotumika, hata kisicholipiwa

Usianze na vitabu vya fedha vya mradi. Anza na shughuli: tembea na programu tangu semina hadi kikao cha mwisho, ukiandika kila saa ya mtu, kila karatasi, kila safari. Kisha uweke bei. Vitabu vya fedha vinaficha mambo mawili: vitu vilivyotolewa bure, na muda wa walimu.

Muda wa mwalimu ndio unaosahaulika zaidi, kwa kuwa "mshahara analipwa tu". Lakini saa anayokaa na kikundi chako ni saa asiyosahihisha madaftari. Bei yake unaipata hivi: mshahara wa 800,000 kwa mwezi, jumlisha mchango wa mwajiri wa pensheni asilimia 15 na bima ya afya asilimia 3, inakuwa 944,000. Zidisha kwa 12, gawa kwa siku 194 za masomo zenye saa 8, unapata karibu 7,300 kwa saa.

Posho ya semina inahitaji uangalifu. Kwa mtazamo wa mlipaji, posho yote ni gharama. Kwa mtazamo wa jamii, sehemu iliyolipia nauli na chakula ni gharama, ila sehemu iliyobaki mfukoni mwa mwalimu ni fedha iliyohama mkono tu.

Kuna pia kipindi. Ratiba ya sekondari ina vipindi vya dakika 40, na kikao chako ni cha dakika 60. Kikiwekwa ndani ya ratiba kinakula vipindi viwili. Kikiwekwa baada ya masomo, mtoto wa Ngaramtoni anayetembea saa nzima anafika nyumbani jioni, na wasichana ndio huacha kuja kwanza. Andika ni kipi kilitokea, kwa sababu mahudhurio yatakayoshuka chanzo chake ni hapa, na mtaaluma ndiye atakayekufuta kwenye ratiba kabla ya mtihani wa moko.

Gharama za utafiti wenyewe, yaani wakusanya data, uchambuzi na vibali, zitoe. Hazitakuwepo programu ikiendelea. Lakini kama dodoso linatumika kuchagua nani aingie kwenye vikundi, hilo ni sehemu ya programu na linahesabiwa.

Vitu vinavyodumu zaidi ya mwaka vigawanywe kwa miaka yake, kwa riba ya asilimia 3 inayotumika kwenye tathmini nyingi za afya. Semina ya shilingi 9,000,000 inayodhaniwa kudumu miaka mitatu inagawanywa kwa 2.83, kigawanyo cha miaka mitatu kwa riba hiyo, inakuwa karibu 3,182,000 kwa mwaka.

Mfano wa shule sita, wanafunzi 720, vikundi vya watoto 15:

- Semina, sehemu ya mwaka: 3,182,000
- Vitabu vya wanafunzi, 720 × 3,000: 2,160,000
- Wawezeshaji, saa 384 za vikao na saa nyingine 384 za maandalizi na njia, kwa 4,000: 3,072,000
- Nauli, safari 192 × 2,000: 384,000
- Usimamizi wa mnasihi, saa 30 × 15,000 na ziara 12 × 25,000: 750,000
- Walimu wa malezi sita, saa 30 kila mmoja × 7,300: 1,314,000
- Rufaa, watoto 36 × 40,000: 1,440,000
- Mratibu, asilimia 20 ya muda wake kwa miezi sita: 1,440,000
- Simu na vifaa vidogo: 200,000

Jumla ni 13,942,000, yaani 19,364 kwa mwanafunzi. Tuseme huduma ya kawaida kwa idadi hiyohiyo ya watoto inagharimu 1,342,000. Tofauti ni 12,600,000, au 17,500 kwa mwanafunzi. Hiyo ya mwisho ndiyo utakayoitumia.

Mstari wa usimamizi ndio hukatwa kwanza bajeti ikibanwa. Usiuguse. Mwezeshaji wa miaka 20 akisikia mtoto anasimulia anavyopigwa nyumbani, anahitaji mtu wa kumpigia simu jioni ileile. Akikosa, ataacha kuuliza, na vikao vitageuka kuwa somo.

Hatua ya 5: Gawanya

Katika mfano wetu, mwanzoni asilimia 25 ya wanafunzi walivuka mpaka wa PHQ-9 pande zote mbili. Baada ya miezi sita ni asilimia 18 kwenye programu na 22 kwenye kulinganisha. Usiseme kwamba programu imewapa nafuu watoto asilimia 7. Tatu kati ya hizo zingetokea zenyewe. Faida yake ni asilimia 4, karibu watoto 29 kati ya 720. Gawanya 17,500 kwa 0.04: shilingi 437,500 kwa kila mtoto wa ziada aliyeshuka chini ya mpaka.

Waweke kwenye hesabu wanafunzi wote waliopangiwa programu, wakiwemo walioacha kuja. Ukihesabu waliomaliza peke yao unawahesabu wenye nidhamu na wenye nauli.

Wizara na wafadhili wakitaka kulinganisha na chanjo au vyandarua, wataomba DALY, yaani miaka ya afya inayopotea kwa ugonjwa, ili wajue programu imeokoa mingapi. Kila ugonjwa hupewa uzito kati ya 0, afya kamili, na 1, sawa na kifo: sonona nyepesi ni 0.145, ya kati 0.396, kali 0.658. Ukichukulia kwamba watoto wale 29 walikuwa na sonona ya kati na nafuu ilidumu nusu mwaka, unapata DALY 5.7, kila moja kwa takriban milioni 2.2. Ukichukulia ilikuwa nyepesi, DALY ni 2.1 na gharama inaruka hadi milioni 6. Data ni zilezile. Dhana ndiyo imebadilika. Kwa hiyo toa zote mbili, na uanze na gharama kwa mtoto, ambayo haina dhana hiyo.

Usitumie kipimo cha zamani cha kusema programu inafaa ikiwa DALY moja iko chini ya mara tatu ya pato la mtu kwa mwaka. Wataalamu wa WHO wenyewe walionya dhidi ya matumizi hayo mwaka 2016, na kwa nchi kama yetu mpaka wa kweli uko chini sana ya hapo.

Hatua ya 6: Itikise hesabu

Chukua kila dhana kubwa na uisukume. Kama uhakika wa takwimu unasema faida iko kati ya asilimia 1 na 7, gharama kwa mtoto iko kati ya 1,750,000 na 250,000. Msomaji anastahili kuona upana huo.

Kisha semina. Tulisema inadumu miaka mitatu. Vijana waliomaliza kidato cha sita huondoka vyuo vinapofunguliwa, Oktoba au Novemba. Ikidumu mwaka mmoja, milioni 9 zote zinaingia, na 437,500 inapanda hadi karibu 640,000. Kwa wawezeshaji wa aina hii, mwaka mmoja ndio makadirio ya haki.

Kama faida ni sifuri, hakuna kugawanya. Hilo hutokea, hata kwa miradi mikubwa: MYRIAD ya Uingereza, iliyojaribu mazoezi ya utulivu wa fikra darasani katika utafiti wa wanafunzi zaidi ya 8,000, ilitangaza mwaka 2022 kwamba haikuzidi masomo ya kawaida. Walichapisha hivyohivyo. Ikitokea kwako, angalia kwanza mahudhurio na madaftari ya usimamizi: vikao vingapi vilifanyika kati ya vinane? Kama ni vinne, programu haijajaribiwa. Kama ni vinane, imejaribiwa na haikufanya kazi kwa watoto hawa.

Hatua ya 7: Ifike kabla bajeti haijafungwa

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini mapendekezo ya shule na kata huandaliwa miezi mingi kabla. Matokeo yanayowasilishwa Mei yamechelewa mwaka mzima. Panga kipimo cha mwisho Septemba, uchambuzi Oktoba, na karatasi mbili mezani kwa afisa elimu sekondari na mganga mkuu wa wilaya kufikia mwishoni mwa Novemba.

Karatasi ya kwanza iwe na gharama kwa mtoto aliyepata nafuu na upana wake. Ya pili iwe na fedha inayohitajika kila mwaka kwa shule zote za halmashauri, mstari kwa mstari, ikionyesha kipi kinalipwa na nani, na ni saa ngapi za mwalimu zinaombwa kwa wiki. Mkuu wa shule ataisoma hiyo ya pili kwanza, na akiona saa hizo zimeandikwa wazi atakuambia palepale kama ratiba yake inaweza kuzibeba.